Shamba Lililogeuzwa Kiwanja cha Ndege

Juni iliyopita nilipanda kwetu, juu ya Kwai, kwenda kwenye ubatizo wa kitukuu wa ndugu yangu. Basi lilitoka Mombo sote tukiwa na jasho la bondeni. Pale Soni wanawake walituinulia karoti na kabichi madirishani, na kabla ya Lushoto kila abiria alikuwa ameshatoa sweta mfukoni. Ukungu ulikuwa umelala barabarani kama mgonjwa asiyetaka kuamka. Nilimshukuru Mungu aliyenipa magoti ya kunipandisha kilima kile mara nyingine.

Sikuingia nyumbani moja kwa moja. Nilipita kwanza kwenye tambarare iliyo juu ya nyumba yetu ya zamani, nikakuta vijana wawili wanachimba mashimo ya nguzo za uzio. Mmoja alikuwa amekalia sururu yake, amechoka kabisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mnaendeleaje?"

"Haiendi, bibi. Hapa chini ni mwamba mtupu. Mungu aliweka jiwe moja tu, kutoka kule hadi kule."

Nikacheka. Nikawaambia huo si mwamba na Mungu hakuuweka.

"Aliweka nani basi?"

"Babu yangu. Na kazi hiyo alifundishwa na mabomu ya Mjapani."

Wakatazamana kama vijana wanavyotazamana mzee anapoanza kuchanganya mambo. Sikuwalaumu, walikuwa na nguzo za kusimamisha. Lakini wewe, ndugu yangu, nadhani una nafasi kidogo.

Nililelewa na babu na bibi kwa sababu mama alifariki nikiwa na miaka mitano. Nilizaliwa karibu na Uhuru, kwa hiyo utoto wangu ulikwenda sambamba na ule wa nchi. Nyumba yetu ilinukia moshi wa kuni za miwati na maziwa mgando. Asubuhi tulikula viazi vilivyochomwa jivuni, tukivipuliza na kuvirusha mkono hadi mkono. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kufagia uwanja na kufukuza kima kwenye mahindi, na hiyo ya mwisho niliipenda kwa sababu niliruhusiwa kupiga kelele.

Babu alikuwa na shamba ambalo watu walilitamani waziwazi. Unajua milima yetu, mtu hulima akiwa amejishikilia mguu mmoja juu na mwingine chini. Shamba la babu lilikuwa tambarare. Udongo wake ulikuwa mweusi, ukiushika unabaki na alama ya vidole. Alilipata kwa baba yake. Maharage ya pale yaliiva mapema kuliko ya watu wote, na bibi alikuwa akitembea pembeni mwake taratibu, kama mtu anayepita mbele ya wageni.

Babu alikuwa keya, yaani mmoja wa wale askari waliochukuliwa na Mwingereza kwenda vita vya pili. Alifika Burma. Hakuwa mpiga bunduki, kazi yake ilikuwa koleo. Yeye na wenzake walitunza kiwanja kidogo cha ndege kilichokuwa peke yake katikati ya msitu, mahali ambapo barabara zilikuwa tope tupu. Mchele, risasi, dawa, barua, vyote vilishuka na ndege. Majeruhi walipanda ndege hizohizo wakaenda kutibiwa. Mjapani alijua kwamba akiharibu kiwanja kile, watu wote wa bonde lile watakufa bila yeye kuwagusa. Kwa hiyo alikipiga, akakipiga tena.

Tulimsikiliza alasiri, tukichambua maharage. Alikuwa hasimulii kwa fahari. Alisimulia kama mtu anayekumbuka mvua kubwa.

"Walikuja asubuhi, jua likiwa mgongoni mwao," alisema. "Kwanza unasikia nyuki kwenye mzinga wa mbali. Halafu nyuki wanakuwa ng'ombe. Baada ya hapo huna tena cha kufananisha."

"Ulikimbilia wapi, babu?"

"Handakini. Lakini mbwa wa mpishi alikuwa anatutangulia sote. Tukimwona mbwa anakimbia, na sisi tunakimbia. Alikuwa na masikio makali kuliko mashine za wazungu."

Handakini walilala kifudifudi, midomo wazi, kwa sababu ukiifunga bomu likipasuka masikio yanaumia. Ardhi iliruka chini ya kifua. Wakitoka walikuta moshi, miti imevuliwa majani, na mashimo katikati ya kiwanja ambamo ungeweza kuweka jiko la bibi na bibi akiwa ndani yake. Baadhi ya mabomu yalikuwa hayajapasuka. Hayo waliyaita mayai, na yalizungushiwa kamba, watu wakipita kwa ncha za vidole vya miguu.

Kisha kazi ya babu ilianza. Ilibidi mashimo yafungwe kabla ndege ya chakula haijafika.

"Mjinga hujaza udongo tu," alituambia. "Ndege ikitua, gurudumu linazama, watu wanakufa. Kwanza toa tope lote mpaka ufikie udongo mkavu. Weka mawe makubwa, mgongo juu. Halafu madogo. Halafu kokoto. Halafu udongo mwekundu wenye unyevu kidogo. Na kila tabaka ulishindilie kwa gogo mpaka gogo likurudie mkononi. Likikurudia, hapo basi."

Alikuwa anaonyesha kwa maharage kwenye ungo, na bibi, akimwita mumewe kwa Kisambaa, alikuwa anasema, "Mgosi, hayo ni ya kupika, si ya kujengea Burma."

Sehemu moja aliisimulia akiwa anacheka, nayo sisi watoto tuliipenda sana: siku alipookolewa na tumbo la kuhara. Alikuwa amekimbilia vichakani na kushusha suruali mabomu yalipoanguka, na akabaki hapo akiwa amechuchumaa mpaka yakaisha. Tulicheka mpaka maharage yakamwagika. Nilikuwa na miaka kama tisa nilipomuuliza wenzake walikuwa wapi siku hiyo. Akaacha kucheka. Akaniambia.

Afisa wa kiwanja aliwaambia wafanyakazi wa koleo wasipoteze muda kutazama juu. Yeye atasimama kilimani na darubini. Akiona ndege ya adui atapandisha bendera nyekundu, nao wakimbie. Waliamini. Walifanya kazi vichwa chini wiki nyingi, na bendera ilipanda kila mara. Siku ile ndege ya majeruhi ilikuwa njiani na shimo moja lilikuwa halijafungwa. Afisa aliwaona Wajapani mapema. Akahesabu moyoni kwamba wakiendelea kidogo tu shimo litakwisha. Hakupandisha kitu. Rafiki wa babu, mtu wa Bumbuli ambaye walisafiri naye meli moja na kulala hema moja, alikuwa shimoni na gogo mkononi.

"Alikuwa ameziona," babu alisema. "Nilimwuliza mwenyewe. Hakukataa. Alisema shimo lilikuwa karibu kwisha."

Kisha akaniambia niende nikaangalie kama mbuzi wamefungwa vizuri.

Baada ya mavuno, shamba likiwa tupu, tulicheza Burma. Wengine walijaza mashimo, mmoja alisimama juu ya kichuguu na kipande cha kanga nyekundu. Wote walitaka kuwa Wajapani, kwa sababu Mjapani alikuwa anaruka huku na huku mikono imenyooka. Mimi nilitaka bendera tu. Nilikuwa naipandisha hata ndege wa kawaida akipita, wenzangu wakakasirika na kusema ninaharibu mchezo.

Sasa nikueleze kuhusu mwinjilisti wetu. Nataka nimtendee haki, kwa sababu nilimpenda. Ndiye aliyenifundisha kusoma Biblia kabla ya kuanza shule, nasi tulimwita mwalimu. Alikuwa na sauti iliyoweza kutuliza mbuzi. Mama alipozidiwa na uchungu wa uzazi wakati wa masika, wanaume walimbeba kwa machela kumpeleka hospitali, na mwinjilisti alikuwa mmoja wao. Njia ilikuwa imeporomoka. Mama na mtoto aliyekuwa tumboni walifia kwenye kona moja mchana, hata nusu ya safari hawajafika. Watu waliniambia kwamba mwinjilisti alivua koti lake akamfunika, akarudi na shati tu kwenye mvua ile. Kila Jumapili nililiangalia koti lake nikaona ni takatifu.

Ndipo ikaja miaka ya vijiji vya Ujamaa. Kwetu hatukuhamishwa, kwa maana tungehamia wapi, kilima tumekijaza. Lakini tulipata mwenyekiti, kamati, na siku za kazi za kujitolea. Mengi yalikuwa mazuri. Darasa nililomalizia shule lilijengwa na mikono ya watu siku hizo, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Alasiri moja mwenyekiti na mwinjilisti walifika nyumbani. Bibi alikuwa anachambua maharage, mimi namsaidia. Walisalimia, wakaketi.

"Mzee," mwenyekiti alianza, "kijiji kinataka kusonga mbele. Kuna madaktari wanaotembea kwa ndege. Wanatua mbugani huko, wanatibu watu, wanaondoka. Sisi bado tuko kwenye machela. Tunahitaji kiwanja, na hapa kwetu tambarare ni moja tu."

Babu akauliza, "Wamesema watakuja?"

"Barua iko njiani."

"Kaa hapo uisubiri," bibi alisema bila kuinua kichwa. "Ikifika mje tena."

Wanaume walicheka, isipokuwa babu. "Mimi nimekaa kwenye kiwanja cha ndege," alisema. "Sikitaki karibu na nyumba ya watoto."

"Mzee, Mjapani alishakwenda kwao! Siku hizi anatuuzia redio."

Babu akatikisa kichwa. Hapo mwinjilisti akasogeza kiti chake. Alizungumza polepole, kwa sauti ile yake. "Baba, mimi na wewe tulikuwa upande mmoja wa machela. Kule Burma uliona majeruhi wakipanda ndege wakapona. Kingekuwepo kiwanja kimoja tu cha kutulia ndege siku ile, huyu mtoto angekuwa na mama."

Sijui kama alipaswa kusema hivyo mbele yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Mikono yangu ilisimama juu ya ungo.

Babu aliangalia shamba kwa muda. Kisha akasema, "Na ndege isipokuja?"

"Masika mawili yakipita bila ndege kutua, shamba linarudi kwako," mwinjilisti akajibu. "Mwenyekiti anasikia. Mimi ndiye shahidi. Nitasimama mbele ya watu niseme hivyo."

"Utasimama?"

"Nitasimama, baba."

"Siku hiyohiyo nikikuita?"

"Siku hiyohiyo."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Bibi akaweka ungo chini. "Mwandikishe, mgosi."

"Mtumishi wa Mungu nimwandikishe karatasi?"

"Karatasi haimchubui mtumishi wa Mungu."

Babu alimwambia anatuaibisha. Tukasali. Mwinjilisti aliomba vizuri sana, akamtaja mama kwa jina, na nilipofumbua macho niliona babu analia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona.

Kazi ilianza wiki iliyofuata, na babu ndiye aliyekuwa msimamizi. Udongo mweusi ulikwanguliwa wote ukatupwa bondeni. Bibi alishuka na kikapu, akapanda na udongo, akashuka tena, akaweka bustani yake ya figiri nyuma ya jiko kwa alichookoa. Wanawake walileta mawe kutoka mtoni. Sisi watoto tulibeba kokoto kwa makopo na ungo. Babu alikuwa amevaa koti lake la jeshi, amerudi kijana. Alipita akipiga gogo chini na kusikiliza.

"Hapa bado! Halijanirudia!"

"Mzee, tutakufa kabla ndege haijaja," mama mmoja alimtania.

"Ukifa utapandishwa ndege ya kwanza. Shindilia!"

Alikuwa anawatendea wote kama kiwanja kinashambuliwa kesho. Jirani yetu alisema hajawahi kuona mtu anayezika shamba lake kwa bidii namna ile. Pembeni tuliweka mawe yaliyopakwa chokaa, na juu ya mti mmoja tukafunga mfuko wa unga uliopasuliwa, uonyeshe upepo unakotoka. Kilipokwisha, tuliruka juu yake miguu mitupu na nyayo zikauma. Nilikuwa na furaha iliyochanganyika na kitu kingine, kwa sababu kila jiwe nililobeba nililibeba kwa ajili ya mama.

Masika ya kwanza yalipita. Babu alikuwa anafagia kiwanja kila Jumamosi. Ng'ombe akikatiza, anafukuzwa kama mwizi. Mwaka wa pili, siku moja asubuhi, tulisikia. Nyuki, halafu ng'ombe. Watu walitoka mashambani wakikimbia, mwalimu akatuachia shule nzima. Ndege ndogo nyeupe ilitokea upande wa Shume, ikateremka mpaka nikaona miwani ya rubani, ikazunguka mara mbili, ikainuka ikaenda zake. Tuliipungia mikono mpaka ilipokuwa nukta.

"Itarudi," babu akasema. "Wa kwanza huja kuangalia."

Haikurudi. Masika ya pili yalipita. Kisha bwana misitu aliyekuwa amehamia kutoka Tanga alipita pale na mbwa wake, akapima kwa hatua, akauliza nani alikuwa fundi.

"Mimi," babu akasema.

"Mzee, kiwanja chako ni kigumu kuliko barabara ya lami. Lakini ni kifupi. Hapa atatua kunguru."

Babu alimwangalia. "Kifupi?"

"Ndege inahitaji urefu mara tatu ya huu. Hamkuuliza mtu?"

"Mimi nilifundishwa mashimo," babu alijibu. "Urefu niliukuta tayari."

Bwana misitu alikuwa mtu mwema. Alishuka hospitali kwa shughuli zake, akauliza. Huko hakuna mtu aliyewahi kusikia habari za kijiji chetu kutaka ndege. Barua iliyokuwa njiani haikuwahi kuandikwa. Ile ndege nyeupe pengine ilikuwa inapita tu, rubani akashangaa kuona mawe yaliyopakwa chokaa mlimani.

Babu hakukasirika. Alivaa koti lake akaenda kwa mwenyekiti kudai shamba, na akaambiwa jambo hilo litaletwa mkutanoni.

Mkutano ulifanyika chini ya kanisa, kwenye nyasi. Mwenyekiti alieleza kwamba tambarare sasa ni mali ya kijiji, imetolewa na mzee kwa moyo wa kujitegemea, na kamati imeona ifanywe uwanja wa kuwekea mbao zinazotoka msitu wa Shume, kwa kuwa ardhi yake inabeba malori. Watu walipiga makofi.

Babu alisimama. "Tulikubaliana. Ndege isipotua, shamba linarudi. Shahidi yupo hapa."

Vichwa vyote viligeukia upande wa mwinjilisti. Alikuwa amekalia benchi la mbele, kofia magotini. Alisimama, ndiyo. Aliiangalia kofia yake, akaigeuza mara moja, akasema, "Nakumbuka tulisali. Tuliomba vizuri. Maneno mengine, kwa kweli, siyakumbuki sawasawa."

Akaketi.

Bibi aliruka. "Mimi nilikuwepo! Nilikuwa nachambua maharage, nilisikia kila neno!"

"Mama," mwenyekiti alisema kwa upole, "wewe ni mke wake."

Watu wakacheka kidogo. Sijui nguvu zilitoka wapi. Kwetu msichana wa miaka kumi na minne hasemi kwenye mkutano. Nilisimama nikasema, "Na mimi nilisikia. Mwalimu alisema atasimama."

Mwinjilisti aliniangalia, na bado naamini kwamba kwa pumzi moja hivi alitaka kusema. Kisha akawageukia watu akatabasamu. "Huyu ni mwanafunzi wangu wa kipaimara. Mtoto mzuri sana. Lakini watoto huchanganya mambo."

Wakacheka tena, safari hii kwa mapenzi, na hicho ndicho kilichoniumiza zaidi. Babu alinishika mkono tukaondoka. Njiani alisema neno moja tu. "Hakupandisha."

Wiki chache baadaye mbao za paa jipya zilifika kanisani kwa lori la kijiji, na mabati baada yake. Paa la zamani lilikuwa linavuja juu ya altare. Tulishangilia wote. Mimi pia nilishangilia, nilikuwa bado sijajua kuunganisha mambo.

Mtihani wa kipaimara kwetu hufanywa mbele ya usharika. Watoto hupangwa mstari, na mwinjilisti huuliza amri moja moja na maana yake. Kila mtoto alihesabu mapema ajue atapata ipi. Mimi nilikuwa wa nane. Amri ya nane ni ile ya kumshuhudia jirani uongo. Nilikuwa naijua na maana yake yote, nilikuwa nimeirudia nikiteka maji, na nakiri kwamba niliirudia nikiwa na hasira, nikipanga nitakavyoisema nikimwangalia machoni.

Wa saba alijibu kuhusu wizi. Mwinjilisti akageuza ukurasa. Akafika kwangu. "Amri ya tisa?"

Niliangalia ule ukurasa aliougeuza.

Kutoka upande wa wanawake sauti ya bibi ilisikika kanisa zima. "Na ya nane, mwalimu?"

Mwinjilisti alikohoa. Aliangalia kitabu. Mchungaji aliyekuja kutoka mbali kutubariki alimgeukia akidhani amesahau kwa bahati mbaya. "Ndiyo, ya nane imerukwa," akasema kwa sauti ya kusaidia.

"Tutairudia mwishoni," mwinjilisti akasema. Hakuirudia. Nilijibu ya tisa. Nilibarikiwa siku ile chini ya mabati mapya, na mvua ilipoanza sikusikia neno hata moja la mahubiri.

Babu hakuacha kanisa. Alihamia benchi la nyuma, karibu na mlango, na aliendelea kumwitikia mwinjilisti salamu. Nilipomuuliza anawezaje, alisema, "Kanisa si la kwake." Imani niliyo nayo ilianzia hapo, zaidi ya darasani.

Uwanja wa mbao ulidumu miaka michache, ukafa kama mambo mengi ya wakati ule yalivyokufa, bila mtu kutangaza. Mwenyekiti mwingine alimwambia babu achukue shamba lake. Alikwenda na jembe. Likaruka likamrudia mkononi. Akaenda na sururu. Kila kiangazi alifumua kipande cha ukubwa wa kitanda, akitoa udongo mwekundu, kokoto, mawe madogo, mawe makubwa, kwa mpangilio uleule, kinyumenyume. "Nilifanya kazi nzuri mno," alikuwa akisema, na alitaka tucheke. Alipofariki alikuwa amefika ukubwa wa sakafu ya nyumba. Bibi alipanda maharage hapo mwaka mmoja, naye akamfuata.

Mimi nilikwenda chuo cha Biblia, nikamtumikia Mungu katika sharika za bondeni na milimani. Siku moja nikiwa mtu mzima niliitwa kwa mwinjilisti. Alikuwa amelala karibu na dirisha, amebaki mifupa na ile sauti. Nilimnywesha uji. Akawaomba watoto wake watoke nje.

"Nilikumbuka," aliniambia. "Kila neno. Mwenyekiti aliniambia nikisema, mbao za kanisa hazitakuja, na kiwanja cha kanisa kitapimwa upya. Nikajiambia shamba ni la mtu mmoja, kanisa ni la wote."

"Na mimi, mwalimu? Mbona ulisema nachanganya?"

Alifumba macho. "Wewe ulikuwa mtoto. Nilidhani utasahau."

Akaomba nimsamehe, mimi na kwa niaba ya babu. Nilimwambia kwa upande wangu nimeshamsamehe, ingawa nadhani siku ile nilikuwa natangulia mbele ya moyo wangu. Kwa upande wa babu, nilimwambia hilo sikuachiwa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetarajia. Kisha akanishika mkono. "Basi nikifa, waambie watu. Simama uwaambie."

Niliahidi.

Alizikwa Jumamosi, watu wakajaa mpaka barabarani. Mimi ndiye niliyepewa kusoma wasifu wake. Ulikuwa umeandikwa na familia kwa mwandiko mzuri: watoto aliowafundisha, wagonjwa aliowabeba, paa alilolisimamia. Yote kweli. Mjane wake alikuwa mbele yangu, na wajukuu zake wadogo wamevaa soksi nyeupe. Nilifika mwisho wa karatasi. Nikawaangalia watoto wale. Nikakunja karatasi nikaketi.

Kumbe kunyamaza ni rahisi namna ile. Miaka yote nilidhani mtu lazima awe mwovu kwanza.

Siku hizi tambarare ile ina nyasi fupi na mbuzi wa watu. Hakuna anayeita mahali pale kiwanja. Waliokuwa uwanjani pale kwetu alasiri ile ya ahadi walikuwa watano, na wanne wamekwisha kulala, kila mmoja kwa zamu yake. Nimebaki mimi. Kwa hiyo nasema sasa, ingawa nimechelewa, nikiwa na akili zangu timamu. Nilisikia kwa masikio yangu. Mwinjilisti aliahidi, mwenyekiti akaitikia, tukasali. Babu yangu alisema kweli, na mimi sikuchanganya.